Ghorofa ya Mdodoki

Dodoki la mama lilikuwa bado msumarini, chooni,
lile alilolitundika na ganda lake, kwa mbegu.
Miaka saba, na hakuna aliyeligusa.
Siku nilipolishusha ili kupaka chokaa
likalia.
Nikalitikisa sikioni: chwa, chwa,
kama mtu anayehesabu sarafu gizani asisikiwe.

Mbegu ishirini na tatu, nyeusi, bapa.
Nikaziroweka usiku kucha
katika kikombe kilichokatika sikio,
asubuhi nikazitia kwenye makopo ya maziwa
niliyoyatoboa kwa msumari uleule.
Kwa ubavu, si kwa kichwa. Kina cha pingili moja ya kidole.
Hivyo ndivyo alivyopanda, nami nilikuwa namtazama
bila kujua kwamba najifunza.

Siku ya sita udongo ukainuka
kama shuka yenye mtoto chini yake.
Ikachomoza miche tisa.
Kuku wa Bi Time akala mitano.
(Simlaumu kuku. Bi Time namlaumu.)
Miwili kiwavi akaikata shingo usiku,
mmoja ukaungua kwa samadi ya mbuzi, mbichi,
haraka zangu.
Ukabaki mmoja.

Haukuwa na pa kukwea.
Ua wetu hauna mti, una nyumba:
chini vyumba vinne, juu anga,
na nguzo kumi na mbili za nondo zimesimama darini
tangu mwaka ule Shaame alipoandika kutoka Maskati:
"Anzeni ghorofa, pesa nyengine naleta."
Nyengine haikuja. Ikaja kutu.

Nikaufungia uzi kutoka koponi hadi dirishani,
kutoka dirishani hadi juu.
Mie hutarizi kofia, mwendo wa uzi naujua,
lakini mmea ule ulinishinda:
unatoa kikono chembamba, kinapapasa hewani kutwa
kama kipofu katika nyumba ya watu,
kikigusa kitu kinajisokota mara tatu, mara nne,
wala hakiombi radhi.
Masika hayajesha, ulikuwa darini.

Sasa njoo alfajiri utazame.
Maua ya manjano, mapana kama kiganja cha Mize,
nondo zote kumi na mbili zimevaa.
Ya kiume huanguka, nayafagia;
ya kike huja na tumbo lake kabisa.
Nyuki wanaingia na kutoka kama vibarua wa kulipwa kwa siku.
Mize ananyoosha kidole ahesabu, nampiga kikofi:
"Onyesha kwa ngumi. Dodoki changa likinyooshewa kidole huoza."
Anafikiri kidogo.
"Na ghorofa je, nani aliinyooshea?"

Shaame hupiga simu Ijumaa.
"Ujenzi umefikia wapi?"
"Juu kumeshapauliwa," namwambia. "Kwa kijani."
Anacheka. Kisha kimya,
kile kimya kinachokula salio.

Mwezi huu, bila kutaja neno, ameleta.
Fundi Faki amekuja na mifuko thelathini ya saruji
na panga.
"Bi Riziki, majani haya yakatwe leo."
"Majani yapi? Huo mdodoki. Una sita, mabichi."
"Saruji itaganda, na unyevu huu wa Wete!"
"Ipange juu ya mbao, uifunike turubali. Au kazi huijui?"
Amekaa juu ya mifuko, kahawa yangu mkononi,
amenuna, na kikombe cha pili hakatai.

Kila alasiri napanda ngazi,
naweka sikio kwenye lile kubwa, nalitikisa taratibu.
Chini, Fundi ananyanyua kichwa.
"Vipi?"
Bado linalia maji.