Rola ya Manyoya Mafupi

Duka la kukodisha zana, Kemi, Juni, saa mbili asubuhi.
Jua halijazama tangu juzi, nasi tumelala vibaya.
Kaka yangu Tapani ameshaweka kiganja juu ya mashine
kama mtu anayechagua farasi.
"Hii," asema, "hupuliza ukuta mzima
kabla kahawa haijapoa."

Muuzaji, kijana mwenye rangi kavu masikioni,
hambishii. Anauliza tu:
Nyumba ina vyombo? Ina sakafu mnayoipenda?
Maana rangi ikigeuzwa ukungu haina adabu,
hukaa ilipoalikwa na isipoalikwa,
kwenye kioo, kwenye kitasa, kwenye kope.

Nikahesabu kwa vidole, mimi mhasibu wa halmashauri:
madirisha sita, milango mitano,
jiko la mama ambalo halihamishiki,
swichi, soketi, fremu.
Utepe roli nane, plastiki mita mia.
Siku nzima ya kuivika nyumba sanda
ili tuipulizie dakika ishirini,
kisha kuosha mpira, pampu na pua ya mashine
usiku huohuo; ukichelewa, kesho ni jiwe.

"Haraka haraka..." nikaanza.
"Usinianze," akanikata. "Na rola ina baraka gani?
Ina maumivu ya bega."

Ana haki. Rola hutema matone,
huacha ukuta na ngozi ya chungwa,
na ile dari ya mbao ya kibaraza cha sauna,
yenye mifereji myembamba kati ya ubao na ubao,
rola huipita juu juu tu, haiulizi hali.

Lakini namjua. Mashine ina kelele, ina barakoa.
Aliyevaa barakoa haulizwi kitu.
Tangu Machi, tulipompeleka mama Tornio
kwenye nyumba ya wazee,
Tapani hunipigia simu akiwa barabarani
ili mtandao umkatie sentensi.

Na mimi niseme langu:
nilitaka ukuta wa siku mbili na watu wawili.

Tukachukua vyote. Mashine kwa nusu siku, kibarazani.
Nilibandika, yeye akapuliza,
na kwa dakika kumi na saba alikuwa na furaha;
niliiona mgongoni mwake.

Jikoni, rola.
Chovya, kamua kwenye trei, panda, shuka,
andika W kubwa, uifute kwa W nyingine,
usiache ukingo ukauke.
Yeye juu ya ngazi na brashi, akifuata kona,
mimi chini, na ile sauti ya unyevu,
kama utepe unaobanduliwa polepole.

Tuliposogeza friji tukakuta kijani cha zamani
na ndani yake, umeganda,
unywele mmoja wa brashi ya mama.
Tapani akaugusa kwa ukucha. Akauacha.
Akarudi ngazini, akaongea na dari:
"Bado hajui kwamba tumeiuza."

Sikusimama. Ukingo ungekauka.
"Ulisema utamwambia Aprili," nikasema, panda, shuka.
"Nilifika. Alikuwa ananionyesha
pazia atakaloshona kwa ajili ya hili dirisha."

Trei ikaisha rangi. Nikaimimina nyingine,
nyeupe aliyoichagua mnunuzi, yenye jina refu la maua.
"Anzia pale mlangoni," nikamwambia,
"nami nianzie hapa. Jumapili twende wote."
Hakujibu. Akashuka, akachukua rola ya pili,
akaanzia mlangoni.

Saa tano usiku jua lilikuwa bado dirishani
na bega langu lilikuwa linanitukana.
Pale tulipokutana, katikati, juu ya friji,
pana mstari. Mnunuzi hatauona.
Unaonekana ukisimama karibu na sinki
na kuinamisha kichwa kidogo, kushoto.