Mbegu ya Baridi

Asaa alizituma ndani ya soksi,
soksi ndani ya kiatu,
kiatu kwenye begi la Faki aliyerudi Konde kumzika babake.
Mbegu nyeusi, duara, ndogo kuliko uwele,
zikimtoka mtu vidoleni kama zina pa kuwahi.

"Mize," aliandika, "huku wanaziita rapa.
Jamaa ya kabichi, jamaa ya haradali ile
unayoitia kwenye achari ya ndimu.
Zamani mafuta yake yaliwasha taa zao,
yakalainisha vyuma vya treni;
siku hizi yanakaanga mayai, yanaendesha matrekta,
na mashudu wanakula ng'ombe.
Mwezi wa tano, dada yangu, shamba zima huwa manjano
hadi macho yanauma.
Nilisimama ukingoni nikalia, sijui nalia nini.
Zipande. Nataka muone."

Tukazipanda nyuma ya jiko, mvua za vuli zilipoanza.
Siku ya nne zikachomoza,
vijani viwili viwili, kila kimoja kama moyo.
Mama akafukuza kuku kwa upindo wa kanga.
Bikombo akachungulia uani: "Dawa hiyo?"
"Maua," nikasema.
Akanitazama kama niliyemwambia napanda kivuli.

Majani yakatanda, mapana, yamepakwa kama vumbi la nta.
Tone la mvua likitua halilowi, linabingirika.
Lakini ua, hata moja.
Vuli ikaisha. Joto la kaskazi likaingia.
Kila alfajiri natoka na tochi,
natafuta manjano.

Bibi shamba akaja na vespa kutoka Wete,
akachuchumaa, akavunja jani, akanusa.
"Hii mbegu ya baridi. Inangoja kipupwe cha kwao.
Baridi isipoiuma wiki kadhaa
haijui kama wakati umefika.
Itakaa hivi hivi, majani tu."

Konde haina theluji.
Konde ina barafu ya Bi Mkasi, ya vifuko,
na nikisema nacheka: nilinunua vitatu,
nikaizika mizizini usiku, Mama asinione.
Asubuhi, tope.

Asaa akapiga simu. "Yameshachanua?"
Nyuma yake mashine ya kukamulia ilinguruma.
Nikatafuta neno, nikakosa.
Mama akaninyang'anya simu.

"Yamekuwa mboga, mwanangu.
Nimeyachuma leo, nimeyatia tui na bizari
na pilipili mbuzi moja, nzima.
Yana uchungu mwanzo, kisha yanatulia.
Dadako kala sahani mbili, hasemi.
Na wewe huko, kwenye hiyo baridi,
umechanua?"

Sikusikia alilojibu.
Mama alishaingia jikoni na simu,
akaiinamisha juu ya sufuria
asikie inavyotokota.