Fomu ya Maarit

Ijumaa saa sita usiku fomu inafungwa.
Maarit ameandika, amefuta, ameandika, karatasi imechakaa.
Nje, Hancock imelala chini ya theluji;
babake yuko barabarani na katapila,
anaisukuma kando, inarudi.

Mjomba asema: kompyuta ndiyo mkate.
Dada, mfamasia: mashine zitajiandika zenyewe,
wewe utabaki na cheti. Soma kemia.

Anakumbuka ule usiku wa Novemba,
saa tisa, chai imepoa,
programu imegoma kwa nukta mkato moja
iliyokosekana mstari wa arobaini.
Akaitia.
Akacheka peke yake kama mwehu, maabara tupu.

Taa ya manjano yapita dirishani. Baba huyo.
Maarit anapuliza vidole,
anaandika K,
kisha anakumbuka:
hata kemia huanza hivyo.