Pembe ya Mkunga

Mashua yangu ni fupi kuliko mguu wa mtoto,
lakini ilipokata maji ya Nguba
ilinguruma kama mashine ya unga ya Kadutu
iliyomeza msumari.
Tulishangilia. Tuliamini kelele ndiyo mbio.

Injini niliitoa kwenye mashine ya kufyekea nyasi,
bomba la moshi nikalikata, likabaki koo tupu.
Rafadha alichonga Zihalirwa, kwa tupa, siku tisa.

Ndipo akateremka Mama Nabintu
kutoka zahanati iliyo juu ya ukuta wa mawe,
mikono bado mibichi, pembe ya mti kwapani.
Hakugomba.
"Banangu, tangu saa nne sikio langu liko tumboni mwa mtu.
Nasikia mashua tu.
Nimwandikie nini kwenye karatasi? Mimba ya mashua?"

Zihalirwa alicheka. Mimi nilizima.

Wiki ile nilitoboa kopo la maziwa ya unga,
tundu arobaini,
nikalijaza sufu ya chuma ya kusugulia masufuria,
moshi upite ukipapasa kuta kama mlevi gizani.
Ikapungua. Haikutosha.
Nikarefusha bomba; injini ikakosa pumzi,
ikaenda mwendo wa msiba.
"Umeifunza adabu," alisema Zihalirwa,
"sasa inakufa kwa adabu."

Alhamisi nikaibeba hadi kibarazani kwa mkunga,
nikaiwasha ndani ya beseni.
Akapiga magoti. Akaweka pembe juu ya sitaha,
akafumba macho.
Akasogea vidole viwili. Akasogea tena.
"Huku nyuma umekwisha kunyamazisha.
Anayelia ni huyu," akagonga ubao.
"Mmeukaza na injini kama ngozi na ngoma,
halafu mnauliza nani anapiga?"

Boliti nne. Nikazifungua zote.
Chini ya kila mguu wa injini nikaweka
mpira wa ndani wa baiskeli, mikunjo miwili,
na kwenye mapengo ya mbao
sponji ya godoro lililolaliwa na watoto watatu
mpaka likachoka.

Jumapili ikapita chini ya ukuta
kama mtu anayesema bila kufungua meno.
Tulikuwa wa tatu.
Lakini nilisikia maji yakichanika,
sauti ambayo sikuwahi kujua kwamba ni yetu,
na ndani yake, tik, tik,
beringi ya shafti inayoliwa taratibu.
Miezi yote ilikuwa ikiniambia.

Dirisha la zahanati likafunguka.
"Mia moja arobaini na mbili!" akaita Mama Nabintu,
pembe juu, kama aliyeshinda yeye.

Ufukweni hakuna aliyeelewa.
Zihalirwa akatoa kalamu sikioni
akaandika kwenye daftari letu, mstari wa mwendo:
142.
Sijalifuta.