Halijafunguka

Usiku kucha mikono yangu imekaa nyuzi mbili,
ndani ya glavu mbili, ndani ya ghala la baridi kule Embakasi,
nikipanga mawaridi yaliyoletwa na lori la Naivasha
yakiwa yamefumba macho.
Lazima yafumbe. Ua likifunguka kabla ya ndege
hutupwa kwenye pipa la bluu,
na msimamizi huandika: hasara, shina moja.

Yana majina, mawaridi hayo.
Majina ya kike ya watu wa mbali,
yamepigwa muhuri ubavuni mwa boksi
pamoja na urefu: arobaini, sitini, themanini.
Aliye mrefu ndiye ghali.
Chema chajiuza, walisema wahenga;
wahenga hawakuwahi kufunga boksi saa tisa za usiku.

Saa kumi na moja simu ikatetemeka mfukoni.
Zamzam: "Amekuja. Msichana. Kilo tatu kasoro kidogo.
Njoo na jina."
Njoo na jina,
kama mtu aambiwavyo pitia maziwa.

Ukungu wa Julai ulikuwa umelalia Barabara ya Jogoo
na hapakuwa na jogoo aliyewika.
Nikatembea nikiyajaribu mdomoni
kama mlevi ajaribuvyo funguo mlangoni.
Waridi: nikaona mkasi.
Rehani: linanukia, lakini mtaani kwetu
rehani ni redio yangu, iko kwa Mzee Gathogo tangu Machi.
Nargisi: nani kati yetu amewahi kuliona?
Yungiyungi. Nikacheka peke yangu,
askari wa lango la benki akanitazama vibaya.

Kabla sijafika, mama akapiga kutoka Wote.
"Mwanangu, kwetu jina halichaguliwi kama kitambaa.
Jina lipo. Ni langu. Syombua.
Mvua iliyonileta duniani
ndiyo iliyoota mahindi yaliyokusomesha."
Nikasema ndiyo mama. Nikasema nitaona.
"Utaona nini?" akasema, akakata.

Zamzam alitaka uji wa bibi yake, si wa hospitali,
basi nikashuka Majengo, vichochoro viwili kutoka Pumwani.
Bi Tatu alikuwa kibarazani ameshaamka,
anaumwagia mwasumini wake maji ya kuoshea mchele.
Umepandwa ndani ya mkebe wa rangi.
Kikonyo chake kilipanda gari moshi kutoka Mombasa
kimefungwa leso mbichi, miaka sita iliyopita,
na tangu siku hiyo ni majani tu,
majani na kutetemeka.
Baridi ya Nairobi haina adabu kwa mgeni.

Nilikuwa nimechoka, ndiyo maana nikauliza:
"Bibi, unauitaje mwasumini
na haujawahi kutoa ua hata moja?"
Hakugeuka.
"Nawe walipokuita mwanamume,
siku hiyo ulikuwa umefanya nini?"

Akanipa chupa ya uji. Akanipa vikombe viwili.
Kisha akaurudia mti wake, akiuita kwa jina,
pole pole, kama anayemwamsha mtu asiyetaka shule.

Karani wa vizazi ana beji, Jepkorir,
na kalamu iliyofungwa kwa uzi ili tusiiibe.
"Jina la mtoto?"
"Asumini Syombua."
Syombua hakuuliza; majina ya mvua ameyazoea.
"Asumini ndiyo nini?"
"Ua."
"La rangi gani?"

Nikamtazama pale mapajani mwa mamake:
ngumi imefumba, macho yamefumba,
kipaji kimekunjamana kama cha mdai.
Hana urefu ulioandikwa popote.
Hakuna ndege inayomngoja.

"Sijui," nikasema.
"Halijafunguka."