Kabla Sijabonyeza

Gyumri, Januari. Hita tatu kibandani,
inayofanya kazi ni moja, nayo ina kiburi.
Bi Shushanik anaingia na theluji mabegani,
anaitua simu mezani kama anayerudisha samaki aliyeoza:
"Haishiki. Tangu Jumanne haishiki kitu."

Mistari ya mnara imesimama yote minne,
imara, kama askari wa gwaride,
lakini hakuna kinachoingia, hakuna kinachotoka.
Nikazima, nikawasha. Nikairusha hali ya ndege,
nikaishusha tena ardhini.
Pini ya laini ilikuwa imenipotea; akavua hereni,
tukadunga kwa hereni, kisahani kikatoa ulimi,
nikaipangusa laini kwa pindo la sweta, nikairudisha.
Wapi.

"Basi," nikasema, "imebaki njia moja:
kuweka upya mipangilio ya mtandao.
Usiogope. Picha hazitaguswa,
wala majina ya watu, wala maneno yao.
Itakachosahau ni waifai zote ilizowahi kuingia,
na vifaa ilivyowahi kushikana navyo mikono."

Kidole kilikuwa njiani.
"Ngoja. Nisomee kwanza itakachosahau."

Nyuma yake wateja wawili, mmoja anakohoa makusudi.
Nikasoma.

HOSPITALI WAGENI 2.
"Siku kumi na tisa," akasema. "Kiti cha plastiki."

TRENI YA USIKU BATUMI.
Hakusema kitu. Alitabasamu upande mmoja wa mdomo.

GOROFA 14 MSITUIBIE.
"Tuliwaibia."

KUKU WA ARTAVAZD.
"Kuku wabaya. Mtandao mzuri."

Kisha upande wa bluetuthi, na huko kulikuwa na kimoja tu:
LADA YA HAMAZASP.
Redio aliyoifunga kwa mikono yake, nyaya nje nje,
ikiimba vizuri barabara ya lami, kwenye mashimo ikigugumia.
Gari lenyewe liliuzwa kwa kilo, chuma chakavu,
miaka miwili sasa. Simu haikuambiwa.
Nadhani kila ilipowashwa ililitafuta,
kila asubuhi, kimyakimya, ndani ya mfuko wa koti.

Akatoa bili ya umeme, akaigeuza,
akayaandika majina yote kwa penseli, na la kuku pia.
"Nywila zake siwezi kukutolea," nikamwambia.
"Nywila za nini? Siendi huko tena."
Akaikunja bili mara mbili, mara nne.
"Bonyeza."

Simu ikaniuliza: una hakika?
Nikamtazama. Ikauliza mara ya pili;
zina adabu vitu hivi, kuliko sisi.
Kioo kikawa cheusi. Hita ikakata, kwa sababu zake.
Hata yule wa kukohoa akanyamaza.

Mlio. Halafu mlio juu ya mlio,
jumbe ishirini na moja zikigombea mlango,
kumi na saba za kampuni ya simu, inamsihi anunue bando.
Nne za Nvard, kutoka Lyon:
*Mama.*
*Mama?*
*Mama uko wapi.*
*Nampigia jirani.*

Alinilipa dramu mia tano, nikamrudishia mia mbili.
Hereni aliisahau.

Kesho yake akaja kuifuata, na habari juu yake.
Nyumbani simu ilimwomba nywila,
na nywila aliitunga marehemu, hakumwambia mtu;
alimwingizia siku moja, yakaishia hapo.
Usiku kucha alipekua: madroo, kopo la vifungo,
kurasa za mwisho za vitabu.
Akaikuta ndani ya mlango wa kabati la mita,
kwa kalamu nene ya useremala:
shushanik1956.

"Mimi nimezaliwa hamsini na nane," akasema.
"Miaka yote hii naingia mtandaoni
nikiwa nimezeeshwa miaka miwili, na mlango unafunguka."

Nikamwambia naweza kumbadilishia, ni dakika moja tu.
Akanitazama kama niliyetaka kumng'oa jino zima.
"Iache," akasema, akivaa hereni bila kioo.
"Iache na kosa lake."