Chini ya Ngazi, Mtemani

Ukishuka na kitu, Mwanakhamis, usikishushe usiku.
Kitu cha usiku watu hudhani kimetoka kwa mganga.
Ngoja alasiri. Kifute vumbi,
kiweke chini ya ngazi, upande usiovuja,
ubandike karatasi ya daftari, mwandiko usomeke.

Anza na ila yake.
Feni: inazunguka, namba tatu haina.
Cherehani: ikichoka huruka mshono, inyweshe mafuta.
Jamvi: limeanikiwa karafuu misimu mitatu, harufu haitoki.
(Faki Kombo alilichukua kwa hiyo harufu.)
Usiandike "bado zuri"; uzuri atauona mwenyewe.
Wala usiandike bei uliyonunulia,
huko ni kumtwisha mtu birika na risiti yake.

Akija wa kwanza, ndiye.
Hata akiwa yule wa ghorofa ya pili
asiyeitikia salamu tangu lile shauri la tangi la maji.
Usimuulize, "Cha nini?"
Mtu haulizwi haja yake ngazini,
watoto wamekaa wanasikiliza.

Na kikishatoka, kimetoka.
Bi Shawana, harusini Limbani,
aliliona gauni lake la kijani limevaliwa,
akapaza sauti: "Kumbe lilikuwa linakungoja wewe!"
Watu wakacheka. Mwenye gauni naye akacheka,
kisha akaazima kanga, akajitanda mpaka shingoni,
na joto lote lile.

Ukiliona gauni, msalimie aliyelivaa.

Haya. Susu.

Karatasi yake niliiandika mara nne.
Susu: kamba moja mpya. Ubao una alama ya chetezo.
Nikaongeza, limelaliwa siku kumi na moja.
Nikakata. Nikaandika tena.
Nikakata.
Hiyo si ila ya susu.

Nililishusha mwenyewe, mume wangu yuko kazini Mkoani.
Sikukaa dirishani kumvizia atakayelichukua.
Uongo. Nilikaa, nikasinzia;
nilipozinduka pale chini palikuwa na alama tu kwenye vumbi.

Siku ya tatu karatasi imesukumwa chini ya mlango wangu,
nyuma yake penseli, herufi zinapanda na kushuka:
*Ubao nimeupiga msasa. Ahsante.
Usinitafute.*

Simtafuti, Mwanakhamis.
Ila usiku mtoto akilia jumba la pili
naamka, nakaa kitandani
mpaka anyamaze.